Vazi la Ngoma na Ruhusa ya Shule: Kutoka Skochi ya Mombasa hadi Milima ya Minembwe

1.0 Utangulizi

Mwishoni mwa mwaka 2005, katika mji wa Jackson, jimbo la Missouri, nchini Marekani, mwanafunzi mmoja wa sekondari alihudhuria dansi rasmi ya shule yake akiwa amevaa kilti, yaani ile sketi ya mikunjo ambayo ni vazi la wanaume wa Uskoti. Mkuu wa shule alimtaka abadili nguo na kuvaa suruali. Jambo ambalo lingeweza kumalizika usiku uleule lilizua malalamiko yaliyosikika hadi Uskoti kwenyewe, kwa sababu kijana huyo hakuvaa kwa mzaha. Alivaa kwa kuienzi asili ya wazee wake.

Msomaji anaweza kuuliza kisa hiki kinawahusu nini watu wa Minembwe, mji mdogo ulio katika nyanda za juu za wilaya ya Fizi, mkoa wa Kivu Kusini, ambako hakuna anayevaa kilti. Jibu la kwanza ni jepesi. Kuanzia mwaka 2007, wakimbizi wa Kibanyamulenge walionusurika katika mauaji ya Gatumba, Burundi, walipelekwa kuishi Marekani. Baadaye walifuatwa na maelfu ya Wakongo wengine, wakiwamo Wabembe wa Fizi na Baraka waliokuwa wamekaa miaka mingi katika kambi ya Nyarugusu, mkoani Kigoma. Watoto wa milima hii, pamoja na wale wa mwambao wa ziwa ulio chini yake, wamesoma na wanasoma katika shule za aina ileile ya Missouri, zenye dansi za aina ileile. Swali la yule mwanafunzi linaweza kuwa swali lao.

Jibu la pili ndilo litakalotushughulisha. Kuomba ruhusa ya kuvaa vazi la asili katika hafla ni jambo lenye historia ndefu katika Afrika ya Mashariki na Kongo. Na katika historia hiyo kilti yenyewe imo. Makala haya yanakusudia kuonyesha kwamba anayetoa au kunyima ruhusa ya vazi huwa anaamua, pamoja na nguo, nani atambuliwe kuwa mwenyeji na nani ahesabiwe mgeni. Ndiyo maana shule, ambayo ni mahali pa kwanza mtoto anapokutana na sheria isiyo ya nyumbani kwake, inapaswa kulishika jambo hili kwa uangalifu, hasa katika mahali kama Minembwe ambapo suala la wenyeji na ugeni limewagharimu watu maisha yao.

2.0 Neno "ruhusa"

Tuanze na lugha. Kiswahili kina maneno kadhaa yanayokaribiana: idhini, kibali, ruhusa. Yote yametoka katika Kiarabu, lakini hayalingani uzito. Kibali kina mzizi mmoja na kukubali, nalo limezoea kukaa ofisini, kwenye karatasi yenye mhuri. Idhini hutolewa na mwenye mamlaka juu ya jambo fulani. Ruhusa, ambayo wengi huitamka "ruksa", ina historia ya kipekee. Katika elimu ya sheria ya Kiislamu, rukhsa ni tahafifu inayotolewa kwa sababu maalumu huku kanuni ya asili ikibaki palepale: msafiri huruhusiwa kufungua saumu, na hilo haliifuti saumu ya Ramadhani. Kinyume cha rukhsa ni azima, yaani kanuni inayotekelezwa kwa ukamilifu wake.

Katika matumizi ya kila siku maana hiyo imepanuka. Watanzania walipomwita Rais Ali Hassan Mwinyi, aliyetawala kuanzia mwaka 1985 hadi 1995, kwa jina la "Mzee Ruksa", walikuwa wanazungumzia kulegezwa kwa masharti ya biashara na maisha kwa jumla. Hata hivyo, maana ya zamani inafaa zaidi kwa mjadala wetu. Mwanafunzi anayeomba ruhusa ya kuvaa vazi la kwao siku moja ya sherehe hasemi kwamba sare ifutwe. Anasema kwamba ipo sababu ya siku hiyo kutofautiana na siku nyingine. Tofauti hii ndogo tutairudia, kwani mara nyingi ugomvi huzuka pale mkuu wa shule anaposikia uasi mahali ambapo mwanafunzi ametamka ruhusa.

3.0 Kilti: vazi lililopigwa marufuku

Kilti haikuwa daima vazi la heshima. Baada ya uasi wa Waskoti wa milimani kushindwa katika vita vya Culloden, mwezi wa Aprili 1746, Bunge la Uingereza lilipitisha sheria ya kukataza mavazi ya watu wa milimani kwa wanaume na wavulana wote wa Uskoti. Aliyekamatwa mara ya kwanza alifungwa miezi 6. Aliyerudia kosa aliweza kupelekwa uhamishoni ng'ambo kwa miaka 7. Sheria hiyo ilidumu mpaka mwaka 1782 ilipofutwa.

Ndani ya sheria hiyo, hata hivyo, mlikuwa na ruhusa moja: askari wa vikosi vya milimani katika jeshi la mfalme walivaa kilti bila kuguswa. Vazi lilelile lilikuwa hatia kwa mchungaji wa ng'ombe na fahari kwa askari. Dola haikuchukia kitambaa. Iliogopa kile ambacho kitambaa kilisema kikiwa mwilini mwa mtu asiyeitii. Kwa njia ya jeshi, kilti ilizunguka dunia nzima pamoja na himaya ya Uingereza.

Wanahistoria wamebishana pia kuhusu umri wake. Katika kitabu kiitwacho The Invention of Tradition, kilichochapishwa mwaka 1983, Hugh Trevor-Roper alidai kwamba kilti fupi tunayoijua leo ilibuniwa katika karne ya 18 na Mwingereza mmoja mwenye kiwanda cha chuma, na kwamba mambo mengi yanayoitwa mila za kale za milimani ni mapya. Madai yake yamepingwa na wengi. Kwa wasomi wa Kiswahili, jambo la kuzingatia ni kwamba mhariri mmojawapo wa kitabu hicho alikuwa Terence Ranger, aliyefundisha historia katika Chuo Kikuu cha Dar es Salaam katika miaka ya 1960, na ambaye sura yake ndani ya kitabu hichohicho inahusu mila zilizobuniwa Afrika wakati wa ukoloni. Kilti na Afrika zilikuwa zimewekwa katika jalada moja. Na Ranger alikuwa na sababu nzuri ya kuziona pamoja, kwa kuwa miaka minane kabla yake, mwaka 1975, alikuwa amechapisha uchunguzi wake wa ngoma ya beni.

4.0 Skochi: kilti katika ngoma ya Waswahili

Beni ilianza katika miji ya pwani ya Kenya, Lamu na Mombasa, katika miaka ya 1890. Jina lake linatokana na neno la Kiingereza la bendi. Wachezaji walijipanga kwa vikosi, wakapiga tarumbeta na ngoma, wakacheza gwaride na kupeana vyeo vya kijeshi. Kama ilivyo desturi ya pwani, vyama vilikwenda viwili viwili kwa mashindano. Bara, katika Tanganyika, majina yaliyovuma ni Marini na Arinoti. Mombasa palikuwa na Kingi na Skochi. Jina la Kingi lilimtaja mfalme. Jina la Skochi liliwataja Waskoti, nao wafuasi wake waliiga mavazi ya vikosi vya milimani, kilti ikiwa miongoni mwake.

Hivi ndivyo Waswahili wa Mombasa walivyoingia katika historia ya kilti, tena katika dansi rasmi. Hakuna aliyedhani kwamba kijana wa mtaa wa Mombasa aliyevaa kilti amekuwa Mskoti au ameacha dini yake. Kwa mtu wa pwani, mwanamume kufunga nguo kiunoni halikuwa jambo geni: kikoi na msuli ni nguo za wanaume, na anayezivaa hapunguziwi uanaume. Kilichotafutwa kilikuwa ni ushindi dhidi ya wapinzani, yaani kuwapita kwa umaridadi, kwa nidhamu ya gwaride na kwa ukali wa nyimbo.

Serikali ya kikoloni iliitazama beni kwa jicho la wasiwasi. Waafrika waliojipanga kwa vyeo, wenye mtandao wa vyama kutoka mji hadi mji, wangeweza kuwa kitu kingine zaidi ya wachezaji. Vita Kuu ya Kwanza ilipowapeleka askari na wapagazi huku na huko, beni ilisambaa nao bara, na wasiwasi ukaongezeka. Ngoma, kwa jumla, ikawa jambo la kuombewa kibali kwa mtawala. Twaona basi kwamba kuomba ruhusa kwa ajili ya dansi si jambo lililoletwa na shule za siku hizi. Babu zetu waliomba ruhusa kwa Bwana Shauri. Wajukuu wanaomba kwa mkuu wa shule.

5.0 Fizi: kofia za Bwami

Mkondo huo wa utawala wa kikoloni ulifika pia katika milima ya magharibi mwa Ziwa Tanganyika, ingawa kwa mkono wa Wabelgiji. Mskoti mashuhuri kuliko wote katika historia ya eneo hili, David Livingstone, alikaribia huko mwezi wa Novemba 1871, pale yeye na Henry Morton Stanley walipotoka Ujiji kwa mtumbwi hadi mlango wa mto Ruzizi na kuthibitisha kwamba mto huo unaingia ziwani, wala hautoki. Milima waliyoiona upande wa magharibi ndiyo inayopanda, kuelekea kusini, hadi katika nyanda ambamo Minembwe imo.

Watu wa milima na mabonde hayo walikuwa na sheria zao za vazi kabla ya Mbelgiji. Mfano ulio wazi ni Bwami, chama cha watu wazima kilichokuwa miongoni mwa Walega na Wabembe. Bwami ilikuwa na madaraja, na mtu alipanda kutoka daraja moja hadi jingine kwa mafunzo, kwa malipo na kwa tabia iliyoridhisha wakubwa. Kofia za wanachama, zilizopambwa kwa kauri, shanga, ngozi au mikia ya tembo, zilikuwa alama za madaraja hayo. Mtu hakujivalia tu kofia aliyoipenda. Aliivaa kwa ruhusa iliyopatikana kwa kupitia hatua zake, na mara nyingi mbele ya hadhara iliyokuwa ikicheza ngoma.

Mwaka 1948 utawala wa Wabelgiji uliipiga Bwami marufuku. Kofia iliyokuwa cheti cha hekima ikawa kielelezo cha kosa. Ulinganifu na sheria ya mwaka 1746 hauhitaji kulazimishwa: watu wa milimani, mtawala wa mbali, na vazi linaloogopwa kwa sababu lina mamlaka yasiyotoka kwa mtawala. Lakini ipo tofauti inayotufaa. Ndani ya Bwami ruhusa ilikuwa na utaratibu uliojulikana na kila mtu: nani anaitoa, kwa sharti gani, kwa hafla gani. Marufuku ya mwaka 1948 haikuwa na mlango wa kuombea.

6.0 Dola huru na nguo za raia wake

Uhuru haukuiondoa mikono ya dola katika kabati za wananchi. Nchini Tanzania, mwishoni mwa mwaka 1967 na katika mwaka 1968, viongozi wa mkoa wa Arusha waliendesha kampeni ya kuwataka Wamasai waache rubega na kuvaa suruali au gauni, kwa hoja kwamba taifa jipya haliwezi kuonekana nusu uchi. Mwezi wa Oktoba 1968 Umoja wa Vijana wa TANU ulitangaza Operesheni Vijana, iliyopiga vita sketi fupi, nywele za bandia, suruali za kubana na dawa za kujichubua, kuanzia Januari 1969. Operesheni ya kwanza ililaumu vazi kwa kuwa la kienyeji mno. Ya pili ililaumu vazi kwa kuwa la kigeni mno. Mmasai na msichana wa mjini walishangaa kujikuta kizimbani pamoja.

Upande wa Kongo, Jenerali Mobutu alikwenda mbali zaidi. Oktoba 1971 nchi ilipewa jina la Zaire, na kuanzia mwaka 1972 majina ya Kikristo yalikatazwa. Suti na tai zikapigwa marufuku kwa wanaume. Mahali pake pakaja abakosti, koti lisilo na tai, ambalo jina lake limeundwa kutokana na maneno ya Kifaransa yenye maana ya "suti ishindwe". Wanawake walitakiwa wavae kitenge, au kikwembe kama kinavyoitwa na Waswahili wengi wa Kongo, na suruali zao zikakemewa. Siasa hii iliitwa uhalisia, kurudi katika asili. Lakini asili ya nani? Abakosti haikuwa vazi la Mbembe, wala la Mfuliiru, wala la Mnyindu, wala la Munyamulenge. Ilikuwa sare ya taifa iliyopewa jina la mila.

Tarehe 24 Aprili 1990 Mobutu alitangaza mwisho wa chama kimoja, na tai ikaruhusiwa tena. Miaka yote hiyo vijana wa Kinshasa na Brazzaville walikuwa wamejenga utamaduni wao wa umaridadi, usape, uliopata sauti yake kubwa kwa mwanamuziki Papa Wemba. Naye alifariki akiwa jukwaani Abidjan tarehe 24 Aprili 2016, miaka 26 kamili baada ya siku ile ya tai. Katika miaka ya marufuku, kuvaa suti nzuri ya Ulaya kulikuwa njia ya kuikatalia dola. Nguo ileile iliyokuwa alama ya kuiga wakoloni ikawa alama ya ukaidi wa raia huru. Maana ya vazi, kwa hiyo, haikai katika uzi wake.

7.0 Sare na shule

Shule za Kongo zilipita katika dhoruba hiyohiyo. Mwisho wa mwaka 1974 dola ilizichukua shule za makanisa. Februari 1977 ilizirudisha kwa mkataba, na tangu hapo sehemu kubwa ya shule za nchi, za milimani zikiwamo, zimeendeshwa na makanisa chini ya mkataba na serikali. Sare iliyozoeleka nchi nzima ni shati jeupe na suruali au sketi ya buluu. Ukimwona mtoto mwenye rangi hizo njiani, awe Kinshasa, Baraka au Minembwe, unajua anakwenda shule.

Kiswahili kimelipa vazi hili jina lenye hekima. Sare ni usawa. Timu mbili zikimaliza mchezo bila mshindi tunasema zimetoka sare. Sare ya shule humficha tajiri na maskini chini ya rangi moja. Humfichia pia mtoto jina la kabila lake. Hii ni faida kubwa, na wale wanaoidharau sare kwa haraka hawajaishi mahali ambapo mtoto anaweza kudhuriwa kwa sababu ya kabila. Lakini kinachoficha hufuta pia. Mtoto aliyefichwa miaka 12 anaweza kumaliza shule bila wenzake kujua kwamba anacho kitu cha kujivunia.

Mahakama za Kenya zimelikabili jambo hili waziwazi. Mwezi wa Septemba 2016 Mahakama ya Rufani iliwakubalia wasichana Waislamu wa shule moja ya Isiolo, iliyofadhiliwa na Kanisa la Methodisti, kuvaa hijabu pamoja na sare yao. Januari 2019 Mahakama ya Juu iliitengua hukumu hiyo kwa sababu ya utaratibu uliotumika kuyaleta madai mahakamani. Mwezi wa Septemba mwaka huohuo Mahakama Kuu, Nairobi, iliamua kwamba mwanafunzi wa imani ya Rastafari arudishwe shuleni bila kukatwa nywele zake. Ukiyasoma mashauri haya utaona kwamba wadai hawakutaka sare ifutwe. Walitaka rukhsa, kwa ile maana ya kale tuliyoitaja.

8.0 Minembwe: vazi lenye uzito

Sasa tumrudie mwanafunzi wa Minembwe. Mji wake uko zaidi ya mita 2,000 juu ya usawa wa bahari. Ni nchi ya baridi, majani na ng'ombe. Wanaokaa humo na kuuzunguka ni Wabanyamulenge, Wabembe, Wafuliiru na Wanyindu, kila watu na lugha yao, na Kiswahili, mojawapo ya lugha nne za taifa katika katiba ya mwaka 2006, huwakutanisha sokoni, kanisani na darasani.

Tuseme shule yake inaandaa sherehe ya wahitimu wa sekondari. Msichana wa Kibanyamulenge anataka kuvaa mushanana, vazi la sherehe lenye kitambaa kilichofungwa kiunoni na kingine kilichopitishwa begani. Kijana wa Kibembe anataka kuvaa kofia inayomkumbusha babu yake wa Bwami. Wote wawili wanakwenda kwa prefe, kama mkuu wa sekondari anavyoitwa nchini Kongo, kuomba ruhusa. Afanye nini?

Haliwezi kuwa swali la urembo tu. Mushanana huvaliwa pia Rwanda, na mavazi yanayofanana nayo yako Burundi. Katika nchi ambayo sheria ya uraia ilitungwa mwaka 1972, ikageuzwa mwaka 1981 kwa namna iliyowaacha wengi wenye asili ya Kinyarwanda bila hakika, kisha ikaandikwa upya mwaka 2004, vazi hilo linaweza kusomwa na jirani kama ungamo la ugeni. Kwa upande mwingine, Mbembe aliyepoteza ndugu katika mauaji ya Makobola mwishoni mwa mwaka 1998 anaweza kuliona vazi la jirani yake na kukumbuka silaha. Munyamulenge aliyefiwa Gatumba mwezi wa Agosti 2004 naye anaweza kuiona kofia ya jirani na kukumbuka moto. Hata jina la mji limekuwa la ugomvi: amri ya mwaka 2013 iliitaja Minembwe kuwa komuni ya vijijini, viongozi wake wakasimikwa tarehe 28 Septemba 2020, na siku chache baadaye, mwezi wa Oktoba, Rais Félix Tshisekedi akausimamisha mpango huo baada ya kelele za nchi nzima. Tangu mwaka 2017, vijiji vingi vya nyanda hizo vilichomwa na ng'ombe wengi waliporwa, na watu wa makabila yote wakakimbia.

Prefe aweza kuchagua njia rahisi: kukataa yote mawili na kuamuru shati jeupe na nguo ya buluu. Hatuwezi kumlaumu kwa haraka; sare ni ngao. Lakini kama historia tuliyoipitia ina fundisho, ni kwamba marufuku isiyo na mlango wa kuombea hailifishi vazi, hulihamisha. Kilti ilihamia jeshini, Bwami ikahamia mafichoni, suti ikahamia kwa vijana wa usape. Mushanana na kofia vikikataliwa shuleni vitabaki katika mikutano ya kabila mojamoja, ambako hakuna jirani wa kuvizoea. Hasara yake ni hiyo: mtoto wa Kibembe hataliona vazi la mwenzake katika furaha, ataliona tu katika hadithi za vita, na mwenzake vivyo hivyo.

Njia ya pili ni kumruhusu mmoja na kumnyima mwingine, na hii ni mbaya kuliko kukataa. Katika ukumbi wa namna hiyo ruhusa ingekuwa silaha. Njia ya tatu ndiyo tunayoitetea, nayo ina masharti matatu. Kwanza, kanuni iandikwe na kusomwa kwa kamati ya wazazi kabla ya siku ya sherehe, ili asiwepo wa kuamriwa mlangoni akabadili nguo mbele ya wenzake, kama ilivyomfika yule kijana wa Missouri. Pili, iwe ni rukhsa kwa maana kamili: sare inabaki ya kila siku, na hafla inakuwa na siku yake. Tatu, mlango ufunguliwe kwa jamii zote kwa kipimo kimoja, na asiyetaka kuvaa vazi la kwao asilazimishwe, kwa kuwa wapo watakaoona ni salama zaidi kubaki katika nyeupe na buluu, nao wana sababu zao. Na kama hali ya usalama ni mbaya mwaka huo, prefe aseme wazi kwamba anakataa kwa ajili ya usalama, wala asitoe hoja kwamba vazi la mtu ni la aibu au la kigeni. Maneno yatakayoambatana na katazo hudumu kuliko katazo lenyewe.

9.0 Hitimisho

Wahenga walisema mwacha mila ni mtumwa. Wahenga haohao walisema ukienda kwa wenye chongo nawe vunja jicho lako. Methali hizi mbili zinagombana, na ugomvi wao ndio mzigo wa kila mtoto anayevuka kizingiti cha nyumba kwenda shule. Tumeona katika makala haya kwamba kilti, kofia za Bwami, rubega, abakosti, hijabu na mushanana, ijapokuwa havifanani kwa sura, vyote vimewahi kusimama mbele ya mwenye mamlaka vikisubiri jibu. Palipokuwa na utaratibu wa kuomba na kujibiwa, vazi lilibaki vazi. Palipokuwa na amri tupu, vazi liligeuka bendera.

Vijana wa Skochi walivaa nguo za watu wa mbali, wakashindana na Kingi, wakatukanana kwa nyimbo, na asubuhi wakakutana sokoni wakiwa watu wa mji mmoja. Ukumbi wa shule ya Minembwe haujafikia hapo, na huenda mwaka huu au ujao usifikie. Lakini barua ya mwanafunzi, iliyoandikwa kwa Kiswahili ambacho si cha kabila lolote kati ya yale ya nyanda zile, ikianza kwa kumwamkia Bwana Prefe na kuomba ruhusa ya siku moja, ni mahali pazuri pa kuanzia. Anayeipokea aisome mpaka mwisho kabla ya kujibu.